Anza na Marehemu: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Jalada la Muuaji wa Mfululizo

Kazi mnazonitumia baada ya darasa la jioni zina kosa moja linalojirudia. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: "Muuaji ni mwanamume wa miaka 25 hadi 35, mpweke, aliyelelewa bila baba." Baada ya hapo ndipo mwandishi anaanza kutafuta ushahidi wa kumvisha mtu ambaye tayari ameshamshona kichwani.

Wanaokosea hivi si wavivu. Ni wapelelezi vijana, wanafunzi wa sheria na saikolojia, waandishi wa habari wa Kampala na Jinja. Wamesoma mengi kuhusu wauaji wa Marekani, na wanafungua jalada wakiwa na sura ya mtu mkononi. Mwongozo huu unapindua mpangilio: marehemu kwanza, kisha saa zake za mwisho, kisha eneo la tukio. Muuaji anakuja mwisho.

Ninaposema muuaji wa mfululizo, namaanisha mtu aliyeua watu wawili au zaidi katika matukio tofauti. Hiyo ndiyo tafsiri iliyotoka kwenye mkutano wa wataalamu ulioitishwa na FBI mwaka 2005, na inatosha kwa kazi yetu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jalada moja. Kama wewe ni mpelelezi, ni lile ulilokabidhiwa. Kama ni mwanafunzi au mwandishi, chukua hukumu ya kesi iliyokwisha; hukumu nyingi za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya ULII, maktaba ya sheria za Uganda mtandaoni.
- Kalamu za rangi tatu: buluu, kijani, nyekundu.
- Karatasi moja kubwa ya manila kwa ajili ya saa.
- Ramani ya karatasi ya eneo, hata ukiwa na ramani kwenye simu.
- Kalenda ya mwaka wa tukio, inayoonyesha siku za juma, sikukuu na mbalamwezi.
- Mtu wa pili atakayekubishia. Asiwe rafiki anayekuonea haya.
- Siku nne. Anayemaliza usiku mmoja amepiga ramli.

Onyo moja mapema. Usichague kesi ambayo bado inapelelezwa ukaichambua hadharani. Mtaani kwetu jina likisambaa kwenye simu asubuhi, jioni umati umeshakusanyika na mawe. Uchambuzi wako unaweza kuua mtu asiye na hatia kabla askari hawajafika.

Kwa mifano nitatumia jalada la mazoezi nililolitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa. Wanawake watatu, A, B na C, wamekutwa wamenyongwa ndani ya wiki sita kwenye mji mdogo wa kandokando ya ziwa. Kesi za kweli nitazitaja kwa majina yake.

## Hatua ya 1: Soma jalada zima mara mbili, ukiwa na rangi tatu

Mara ya kwanza soma tu, kalamu ikae mezani. Mara ya pili piga mistari.

Buluu ni kilichoonwa au kupimwa: picha, ripoti ya daktari, orodha ya simu, risiti. Kijani ni kilichosemwa na shahidi. Nyekundu ni kilichodhaniwa, hata kama aliyekiandika ni afande mwenye nyota mbili begani. "Mlango haukuvunjwa" ni buluu. "Alimfahamu muuaji" ni nyekundu.

Sababu ni hii: dhana huingia jaladani siku ya kwanza kwa sauti ya chini, na ikifika ukurasa wa arobaini imeshageuka ukweli. Niliwahi kusoma jalada ambamo kila mtu alirudia kwamba marehemu alimfungulia muuaji kwa mkono wake, kwa kuwa mlango ulikuwa mzima. Karibu na mwisho kulikuwa na maelezo ya mwenye nyumba, na ndani yake sentensi moja: komeo lilikuwa limeng'oka tangu mwezi uliotangulia, na mpangaji alikuwa akiegemeza ndoo ya maji mlangoni usiku. Mlango ule haukuhitaji kuvunjwa na yeyote. Nilihesabu kurasa zilizojengwa juu ya dhana ile, nikafunga jalada na kutoka nje kidogo.

Uingereza kosa la namna hii liligharimu maisha. Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Mwaka 1979 polisi walipokea kanda ya sauti ya mtu aliyejidai kuwa ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya Wearside, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Waliiamini, wakawa wanawaondoa kwenye orodha watu wasiokuwa na lafudhi hiyo. Sutcliffe alikuwa mtu wa Bradford, mji wenye lafudhi nyingine, na katika upelelezi ule alihojiwa mara tisa akaachwa. Baada ya kanda kufika aliua wengine watatu. Mwenye sauti ile alikuwa mzushi tu, naye alihukumiwa mwaka 2006. Kanda yenyewe ni buluu, maana ipo na inashikika. Maneno ya ndani yake ni kijani. "Huyu ndiye muuaji" ni nyekundu.

Tuna methali ya lisemwalo lipo. Kwenye jalada iweke kando.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu wa pili tukio zima kwa kutumia mistari ya buluu peke yake, hata kama hadithi ina mapengo. Mapengo yaandike. Usiyazibe.

## Hatua ya 2: Mjue marehemu kama jirani yake alivyomjua

Hapa ndipo kazi nyingi zinaanguka, na hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Wengi huandika mstari mmoja: "A, miaka 24, mchuuzi wa samaki." Hilo linatosha kwa kibao cha kaburi. Uchambuzi unataka siku yake ya kawaida. Aliamka saa ngapi? Alinunua mkaa kwa nani? Alipanda boda ya steji ipi, na alikuwa akilipa taslimu au kwa kuandikiwa deni? Nani angejua mapema kwamba hayupo? Alikuwa mtu wa kumfuata mgeni anayeomba kuonyeshwa njia, au wa kujibu akiwa ndani, mlango umefungwa?

Sababu ya maswali haya ni kwamba muuaji lazima alikutana naye mahali fulani. Ukiyajua maisha ya marehemu saa kwa saa, milango ya kukutania inakuwa michache na inahesabika.

Moses Sithole wa Afrika Kusini ni mfano wa kujifunzia. Mwaka 1994 na 1995 miili ya wanawake ilikutwa Atteridgeville, Boksburg na Cleveland. Baadhi yao walikuwa wametoka nyumbani kufuata ahadi ya kazi. Ukilijua hilo, huhitaji kwanza kujua sura ya muuaji. Unahitaji kujua nani anagawa ahadi za kazi, wapi, na kwa namba gani ya simu. Mwaka 1997 Sithole alitiwa hatiani kwa mauaji 38 na ubakaji 40, akapewa kifungo cha jumla ya miaka 2,410. Nawaambia wanafunzi wangu waangalie hapa Kampala: ni wasichana wangapi kila wiki wanapanda teksi kwenda kuonana na mtu aliyewaahidi kazi ya nyumbani au safari ya Uarabuni? Swali la ahadi ya kazi liwemo kwenye kila jalada la mwanamke kijana.

Onyo: usimhukumu marehemu. Wapelelezi wa kesi ya Sutcliffe walijishikia kwamba huyu anawinda makahaba. Msichana wa miaka 14 aliyeshambuliwa mwaka 1975 akanusurika alieleza vizuri sura ya aliyempiga, lakini shambulio lake halikuunganishwa na mengine, kwa kuwa hakuwa mtu wa aina waliyoitegemea. Huku kwetu kosa hilo linavaa nguo nyingine. Mwanamke akikutwa amekufa usiku, neno la kwanza ni "alikuwa anatafuta nini huko?" Likishaandikwa, maswali mengine hayaulizwi tena.

Kwa A, jalada lina sentensi moja niliyoificha makusudi katikati ya maelezo ya jirani: alikuwa amebandika maharage kwenye sigiri, akamwomba jirani ayaangalie. Wanafunzi wengi huipita. Mtu anayebandika maharage na kuomba yaangaliwe anatoka kidogo, anarudi. Hakwenda safari wala kukesha. Hata kama alikuwa na mpenzi, hakuwa ameaga usiku mzima. Sufuria ile inasema mengi kuhusu nia yake kuliko shahidi yeyote.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika, kwa kila marehemu, alitarajia kufanya nini saa moja baada ya kuonwa mara ya mwisho.

## Hatua ya 3: Panga saa za mwisho, na uchunguze kila saa ni ya lugha gani

Tandaza karatasi ya manila. Chora mstari mmoja mrefu na uandike kila tukio pamoja na namba ya ukurasa.

Sasa kuna mtego wa kwetu, ambao vitabu vya ng'ambo haviutaji. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Waganda nao ni hivyohivyo. Kwa Kiganda, *ssaawa bbiri ez'ekiro* ndiyo saa mbili usiku yetu. Lakini maelezo ya shahidi yanaandikwa kwa Kiingereza. Shahidi anasema "saa mbili". Askari aliyechoka anaandika "2:00". Anayesoma baada ya mwezi anaona saa nane usiku. Saa sita nzima zimepotea, na hakuna aliyesema uongo.

Kwenye jalada la A, jirani ameandikiwa kwamba marehemu alitoka "2:00". Mpangaji wa chumba cha tatu ameandikiwa kwamba alisikia harufu ya maharage kuungua "around 4". Wanafunzi wengi wanachora hivi: alitoka saa nane za usiku wa manane, maharage yakaungua saa kumi alfajiri. Kisha wanaanza kuandika habari za mwanamke anayetoka usiku wa manane, na muuaji anayewinda usiku wa manane.

Kaa na sufuria kidogo. Nani anabandika maharage saa nane za usiku kisha anamwomba jirani ayaangalie? Jirani gani yuko macho? Sasa tafuta kitu kilichoandikwa na mashine. Ukurasa wa 14 kuna ujumbe wa pesa za simu: A amemtumia mama yake shilingi 20,000 saa 19:48. Mtandao unahesabu saa 24, kwa hiyo hiyo ni saa moja na dakika 48 usiku. Yaani alituma pesa, dakika kumi na mbili baadaye akatoka, na saa nne usiku sufuria ikaungua. Kila kitu kinakaa mahali pake. A alitoka saa mbili usiku, wakati watoto bado wanacheza uani na muuza chapati bado ana moto.

Uchambuzi wote unageuka. Ukiamini saa nane, unamtafuta mtu wa gizani. Ukiamini saa mbili, unamtafuta mtu anayeweza kuonekana kwenye ua wa vyumba vya kupanga, mizigo kama tunavyoviita huku, bila mtu yeyote kumshangaa.

Fanya hivi kwa kila saa jaladani:

Andika saa kama ilivyoandikwa. Kando yake andika shahidi aliongea lugha gani, na nani aliyatafsiri maelezo yake. Kama hujui, mrudie shahidi umwulize kwa mambo ya siku badala ya namba: adhana ya isha ilikuwa imeshasikika? Taarifa ya habari ya redio ilikuwa imeanza? Duka la jirani lilikuwa limefungwa?

Kisha kila saa ya binadamu itafutie saa ya mashine: simu, risiti, kamera. Kamera za barabarani za Kampala zilianza kufungwa kwa wingi mwaka 2018, kwa hiyo kwa majalada ya zamani usizitegemee.

Utajua umefaulu ukiwa na mstari ambao kila tukio kubwa lina mashahidi wawili wa aina tofauti, na mapengo yaliyobaki yamezungushiwa duara.

## Hatua ya 4: Eneo la tukio: tenganisha cha lazima na cha hiari

Muuaji hufanya mambo ya aina mbili. Kuna yale ya kazi yenyewe: kumfikia mtu, kumshinda, kutoroka. Haya hubadilika, kwa sababu anajifunza. Na kuna yale ambayo hayakumsaidia kuua wala kujificha, lakini aliyafanya kwa haja yake ya ndani. Haya wachambuzi huyaita saini, nayo hubadilika taratibu zaidi.

Pita kila kitu kilichofanyika na uulize: bila hili, angeshindwa kuua au kukimbia? Jibu likiwa hapana, weka alama.

Lakini kabla ya kushangilia saini, hakikisha ni ya muuaji. Kwenye jalada letu, ndala za A zimekutwa zimepangwa pamoja, ncha zikielekea njiani. Za B vilevile. Darasa zima huruka hapa: saini! Sasa chukua picha uzifuate kwa namba zake. Kwa A, ndala zimepangwa tangu picha ya 3, mwili haujaguswa. Kwa B, picha ya 2 inaonyesha ndala moja kwenye majani, mbali na mwili. Ndala mbili zilizopangwa zinaonekana kuanzia picha ya 11, wakati mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na watu wake wameshafika. Kuna mtu mwenye huruma aliyeziokota akaziweka pamoja, kama tunavyofanya msibani.

Inauma kupoteza alama nzuri namna ile. Ipoteze.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha fupi. Ikiwa na mambo kumi, rudi kwenye picha.

## Hatua ya 5: Je, ni mkono mmoja?

Chora jedwali la safu tatu. Ya kwanza: jambo lililofanyika. Ya pili: ni la kawaida kiasi gani katika mauaji ya eneo hili? Ya tatu: lilikuwa limetangazwa kabla ya tukio linalofuata?

Jambo la kawaida haliunganishi. Kunyongwa kwa mikono, mwili kuachwa shambani, simu kuibwa: haya utayakuta kwenye majalada yasiyohusiana hata kidogo. Jambo adimu ndilo linalounganisha, mradi lilikuwa siri.

Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Kati ya Mei na Septemba 2017, wanawake zaidi ya 20 waliuawa Entebbe na Nansana, wilayani Wakiso. Miili kadhaa ilikutwa na vijiti, na jambo hilo likaandikwa magazetini wakati mauaji bado yanaendelea. Kuanzia siku gazeti lilipotoka, kijiti kilipungukiwa uzito. Mwenye ugomvi na mkewe angeweza kukiweka ili apelekwe kwenye kundi la wengine. Kila mwaka napokea kazi inayoyachukua mauaji yote yale na kuyapa muuaji mmoja. Entebbe iko kwenye rasi ya ziwa, Nansana iko upande wa pili wa jiji kwenye barabara ya Hoima. Anza na makundi mawili, na kila mwili uuthibitishe kuwa wa kundi lake. Wale walikuwa dada zetu. Kila mmoja anastahili kuulizwa peke yake nani aliyemuua.

Kwa jalada la mazoezi: A aliacha maharage jikoni. B aliacha simu yake ikichaji dukani na mtoto kwa jirani, akasema "narudi sasa hivi". Wote wawili walitolewa nyumbani kwa shughuli fupi jioni, na hakuna aliyepigiwa simu katika dakika za mwisho. Hili ni adimu, na halikuandikwa popote. C alikuwa njiani akitoka dukani, na alikutwa siku mbili baada ya habari za A na B kusambaa.

A na B nawaunganisha kwa kiwango cha wastani. C anabaki nje mpaka lipatikane jingine. Darasani hapa watu hunung'unika, maana wawili hawavutii kama watatu.

## Hatua ya 6: Ramani

Weka alama za aina tofauti: alipoonwa mwisho, alipokutwa, anapoishi. Usizichanganye.

Mwanasaikolojia wa Uingereza David Canter na mwenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba ukiunganisha kwa duara matukio mawili yaliyo mbali zaidi, makazi ya mhalifu mara nyingi yako ndani yake. Katika wabakaji 45 wa Uingereza waliowachunguza, ilikuwa asilimia 87. Zingatia: walikuwa wabakaji, na ni Uingereza. Njia za kompyuta za kukisia makazi ya mhalifu, kama ile ya Kim Rossmo wa Kanada, zinataka matukio matano au zaidi. Ukiwa na mawili, ramani yako ni ya kuuliza maswali tu.

Na hapa kwetu duara hudanganya kwa sababu ya ardhi. Kampala na Wakiso ni vilima na mabonde ya kinamasi. Penseli inavuka kinamasi cha Lubigi kwa sekunde moja, mtu wa miguu usiku anazunguka hadi barabarani. Pima kwa dakika za kutembea na za boda. Mwulize kijana wa steji, atakuambia njia za mkato ambazo haziko kwenye simu yako.

## Hatua ya 7: Sasa mwandike muuaji

Kila sentensi iwe na vitu vinne: dai, ukurasa linakosimama, kiwango cha uhakika, na kitu kitakacholiangusha.

Mbaya: "Muuaji ni mpweke mwenye chuki na wanawake."

Nzuri: "Aliyewatoa A na B huenda ana sababu ya kawaida ya kuonekana kwenye nyua za vyumba vya kupanga kati ya saa moja na saa tatu usiku (uk. 14, 22, 37). Kiwango: wastani. Dai litaanguka ikionekana A alikuwa na laini ya pili ya simu."

Sentensi ya pili inampa mpelelezi kazi ya kesho asubuhi: nani huzunguka hapo saa hizo? Mleta maji, mwuza mkaa, mkusanya kodi, kijana wa boda anayeleta mizigo. Ya kwanza haimpi chochote, ila kumshuku kila asiyeoa.

Epuka mambo matatu.

Usimgawe muuaji kuwa "aliyejipanga" au "asiyejipanga" kisha ukaishia hapo. Mgawanyo huo ulitokana na mahojiano ya FBI na wafungwa 36 wa Marekani. Mwaka 2004 Canter na wenzake waliujaribu kwa mauaji ya wauaji 100 wa Marekani, na makundi hayo mawili hayakujitokeza. Eleza alichofanya, ukiache kibandiko.

Usikazanie umri na kabila. Oktoba 2002 watu kumi waliuawa kwa risasi kuzunguka Washington. Wachambuzi wa televisheni walisema muuaji ni mzungu, na polisi walitafuta gari jeupe la mizigo. Waliokamatwa walikuwa watu weusi wawili, mmoja wa miaka 41 na mwingine 17, kwenye Chevrolet Caprice ya buluu. Kwetu kutaja kabila bila shahidi aliyeona ni kuwasha moto.

Na usiandike "mauaji ya kafara" kwa sababu tu tukio linatisha. Kafara ni dai kama madai mengine. Lete ukurasa.

Utajua umefaulu ukurasa mmoja ukitosha.

## Hatua ya 8: Mpe mtu wa pili, kisha mpe mpelelezi

Mtu wa pili apewe saa mbili na kalamu nyekundu. Kazi yake ni kutafuta maelezo mengine kwa kila dai. Usikae naye chumbani, utajitetea.

Baada ya masahihisho, malizia na mapendekezo: nani ahojiwe tena na kwa maswali gani, orodha ipi ya simu iombwe, jambo gani lisitolewe kwa waandishi wa habari. Kwa kesi yetu, maharage yabaki siri. Anayejua bila kuambiwa kwamba sufuria ilikuwa jikoni ana maelezo ya kutoa.

Onyo la mwisho ni zito. Uchambuzi hupunguza orodha na kupanga maswali, hauthibitishi hatia. Mwaka 1992 Rachel Nickell aliuawa Wimbledon Common, London. Polisi walimlenga Colin Stagg wakiamini anafanana na maelezo ya mchambuzi, wakamtumia askari wa kike aliyejifanya mpenzi ili akiri. Hakukiri kamwe, na mwaka 1994 jaji aliutupa ushahidi ule. Mwaka 2008 Robert Napper ndiye aliyekiri kumwua. Macho yote yalikuwa kwa mtu anayefanana na karatasi.

Kama jalada halijafungwa, nakala moja iende kwa mpelelezi mwenye jalada, mkono kwa mkono, wala isipigwe picha. Picha za miili zifungwe kabatini, usilale nazo chumbani. Ukianza kuziota, mwambie mwenzako na upumzike.

Karatasi ya manila usiitupe. Shahidi mpya akijitokeza baada ya miaka miwili, kazi ya kwanza itakuwa kuitandaza tena na kumwuliza alikuwa wapi kwenye lile duara ambalo bado liko wazi. Kwa A, ni kati ya saa mbili na saa nne usiku.